Mzee Naye ni Mlaji: Mazungumzo na Familia Zinazotunza Wazee, Magole, Wilaya ya Kilosa

Tunajua kwamba wengi wenu mmeacha nyumbani mtu anayehitaji kugeuzwa kitandani, kulishwa, au kuangaliwa asitoke peke yake, na kwamba yuko jirani aliyekubali kukaa naye kwa muda huu. Kwa ajili ya jirani huyo hatutaongea mengi yasiyo na kazi.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humhesabu mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, nayo inaitaja familia kuwa ndiyo tegemeo la kwanza la matunzo yake. Makazi ya wazee yanayoendeshwa na serikali, kama yale ya Fungafunga mjini Morogoro, ni kimbilio la wale wasio na mtu kabisa. Wazee wengine wote wa mkoa huu wanatunzwa na watu kama ninyi, chini ya paa la kawaida, kwa fedha za kuungaunga.

Kama tungeweza tungewaletea daktari. Sisi ni watu wa bidhaa, mizani, risiti na mikataba, na tumeona tuseme nanyi juu ya upande huo tu wa utunzaji, kwa kuwa ni nadra kusemwa. Mzee akishaishiwa nguvu, hanunui tena mwenyewe. Mwingine humnunulia dawa, mwingine humpokelea fedha, mwingine humsomea karatasi na kumwonyesha mahali pa kuweka dole gumba. Kila shilingi yake hupita katika mkono wa mtu wa pili kabla ya kumfikia. Hapo katikati ndipo hasara nyingi hutokea: nyingine kwa hila za wauzaji, nyingine kwa kutojua kwetu, na nyingine, tuseme kweli, kwa tamaa iliyomo ndani ya nyumba.

Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alitaja katika ujumbe wake kwa Bunge la nchi yake haki nne za mlaji: kuwa salama, kuelezwa, kuchagua na kusikilizwa. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa hadi leo kuwa Siku ya Haki za Mlaji Duniani. Haki hizo hazikuwekewa kikomo cha umri. Bibi wa miaka themanini ambaye macho yamefifia anazo zote nne. Anachohitaji ni mtu wa kumsaidia kuzitumia, asiye na nia ya kuzitwaa.

Tuanze na kitu cha bei ndogo kuliko vyote tutakavyovitaja, nacho ni daftari. Nunueni daftari moja la shule, liandikwe jina la mzee juu yake, likae ndani ya nyumba mahali panapojulikana na wote. Ukurasa wa kwanza uwe wa dawa: jina la dawa kama lilivyoandikwa na mganga, kiasi, saa za kumeza, na siku iliyonunuliwa. Ukurasa unaofuata uwe wa fedha: iliyoingia, imetoka kwa nani, imetumika kwa nini. Risiti zibanwe humo humo. Wapo watakaosema kwamba kuandika hesabu ya mama yako mzazi ni kukosa adabu, au ni dalili ya kutoaminiana. Sisi tunaona kinyume chake. Dada anayemtunza mama hapa Magole, huku kaka zake wako Dar es Salaam na Dodoma, ndiye anayenufaika kwanza na daftari hilo, kwa maana siku ndugu atakapouliza zile elfu hamsini zilikwenda wapi, hatajibu kwa machozi, atafungua ukurasa. Na mwenye mali, ikiwa bado anafahamu, asomewe kila mwisho wa juma. Wazee wengi hukaa kimya wasitake kuonekana wasumbufu, huku moyoni wanahesabu.

Sasa dawa, ambazo ndizo zinazokula fedha nyingi kuliko chakula katika nyumba yenye mzee mgonjwa.

Magonjwa yanayowaandama wazee wetu, shinikizo la damu na kisukari mbele ya yote, hayana dozi ya siku tatu kama malaria. Dawa zake ni za kila siku na za miaka. Hapo hutokea mambo mawili ya hatari. La kwanza ni mzee kujisikia vizuri, familia ikaona imepona, dawa zikaachwa ili fedha iende kwenye mbolea. Shinikizo la damu halina kelele. Mtu huweza kulima nalo hadi siku linapompiga kiharusi. La pili ni kugawa vidonge nusu nusu ili vifike mwisho wa mwezi. Fedha ikiwa haitoshi, rudini kwa mganga mkamwambie hivyo waziwazi. Mara nyingi ipo dawa nyingine ya kundi hilo hilo yenye bei nafuu, au ipo ile ile yenye jina la kawaida badala ya jina la kampuni. Dawa nyingi zina majina mawili: jina la kitaalamu, na jina la kibiashara lililochapwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Mwombeni mganga aandike jina la kitaalamu, na mkifika dukani ulizeni bei ya kila aina iliyopo yenye jina hilo. Tofauti ya bei huweza kuwa kubwa kuliko nauli ya kwenda Morogoro na kurudi.

Nunueni katika famasi, au katika duka la dawa muhimu lenye kibali kilichobandikwa ukutani. Dawa inayotembezwa mnadani juani, hata ikiwa na boksi zuri, msiichukue. Tazameni tarehe ya kuisha muda kabla ya kutoa fedha, ombeni risiti, na vidonge vikiuzwa kwa kuhesabiwa, mwambieni muuzaji awaandikie juu ya bahasha jina, kiasi na tarehe hiyo ya mwisho. Bahasha isiyo na maandishi ni kosa la muuzaji, na mnayo haki ya kuikataa. Dawa mnayoitilia shaka kwa rangi au harufu au kwa jinsi inavyovunjika, msiitupe. Ipelekeni pamoja na boksi lake kituo cha afya au kwa mfamasia wa wilaya, ili taarifa ifike kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA.

Liko jambo moja hapa tunalotaka mlishike hata mkisahau mengine. Wazee wetu wameumia viungo: magoti, kiuno, mabega yaliyobeba jembe na mkonge. Wakienda dukani kuomba dawa ya maumivu, mara nyingi hupewa diklofenaki au ibuprofeni, na humeza kwa wiki na miezi kama peremende. Dawa hizo huweza kupandisha shinikizo la damu, kuumiza figo na kutoboa tumbo, na kwa mtu aliyekwisha kuwa na presha madhara huongezeka. Kwa hiyo mtunzaji anapokwenda kununua dawa ya maumivu aende na lile daftari, amwonyeshe muuzaji dawa zote ambazo mzee anameza, aulize kama zinapatana. Parasetamoli kwa kipimo chake huwa salama zaidi kwa wengi, lakini nayo imo ndani ya dawa nyingi za mafua, na mzee huweza kuimeza maradufu bila kujua. Muuzaji asiyetaka kuulizwa maswali mwacheni na duka lake.

Mashine za kupimia presha siku hizi zinauzwa kila mahali. Kama ndugu wanachangia kununua moja, chagueni ile inayofungwa juu ya kiwiko. Ya kufungwa kifundo cha mkono hukosea upesi. Kitambaa chake kilingane na unene wa mkono. Mzee aketi kimya dakika tano, miguu imekanyaga chini, asiwe ametoka kunywa kahawa au kuvuta tumbaku. Namba ziandikwe katika daftari, siku kwa siku. Ikiwa mara kwa mara zinafika 140 kwa 90 au zaidi, zipelekwe kwa mganga, na mashine yenyewe ipelekwe kliniki ilinganishwe na ya kwao walau mara moja. Msimwongezee wala kumpunguzia mzee dawa kwa kuitazama mashine.

Na dawa za asili? Hatukuja kuzidharau, katika nchi hii zinatambuliwa kisheria, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Mwulizeni mganga hati yake ya usajili kama mnavyouliza duka. Anayedai kwamba dawa moja inaponya kisukari, presha, saratani na kukosa nguvu, na kwamba lazima mwache za hospitali kwanza, huyo anawauzia matumaini. Wengi wenu mnakumbuka mwaka 2011, magari yalipopanga foleni ya kilomita nyingi kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Kikombe kilikuwa shilingi 500. Hakuna aliyeweza kulalamika juu ya bei hiyo. Gharama ilikuwa kwingine: nauli, siku za njaa barabarani, wagonjwa waliotolewa wodini, na dawa zilizoachwa baada ya kunywa. Wapo waliofariki wakiwa kwenye foleni. Tunaposema bei, basi, tunahesabu pia kile mzee anachoambiwa akiache ili anunue kipya.

Juu ya macho tutasema kwa ufupi. Miwani ya kusomea inayouzwa na wamachinga huweza kumsaidia mtu ambaye macho yake yamechoka tu kwa umri, lakini mzee anayeona ukungu, au anayeona katikati tu na pembeni giza, apelekwe kupimwa kabla ya kununuliwa chochote. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji. Hakuna matone yanayomyeyusha, hata yakiandikwa hivyo kwenye chupa. Timu za madaktari wa macho huja wilayani mara kwa mara kwa huduma ya nafuu au ya bure; afisa mtendaji wenu ndiye wa kuulizwa.

Hilo linatupeleka kwenye malipo ya hospitali. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Utambuzi huanzia kijijini, kwa serikali ya kijiji na afisa ustawi wa jamii, na majina hupelekwa halmashauri. Usisubiri mzee azidiwe ndipo uanze kutafuta barua. Tena kitambulisho hicho hakijazi rafu za dawa. Mkiambiwa dawa haipo, ombeni cheti kilichoandikwa vizuri, ulizeni itafika lini, na ulizeni kama kituo cha jirani kinayo, kabla ya kukimbilia kununua. Penye dirisha la wazee, mpelekeni hapo. Si upendeleo, mzee wa miaka sabini hapaswi kusimama saa tatu. Na familia zinazoweza kujiunga na bima ya afya zifanye hivyo wakati kila mmoja ni mzima, zisome ni huduma gani zinalipiwa na zipi hazilipiwi, na zitunze stakabadhi ya mchango.

Tumefika kwenye simu, na hapa tutakaa kidogo.

Fedha ya mzee wa leo huja kwa simu: mtoto ametuma, ruzuku ya TASAF imeingia, mnunuzi wa mahindi amelipa. Lakini laini ya simu lazima isajiliwe kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha NIDA, na vidole vilivyoshika mpini kwa miaka hamsini mara nyingine havisomeki kwenye mashine. Wazee wengine hawakupata kitambulisho kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo mtoto au mjukuu husajili laini kwa jina lake, na maisha yanaendelea. Yanaendelea hadi siku mjukuu anapohama, au anapofariki, au anapogombana na shangazi zake. Siku hiyo mtandao unamtambua mwenye jina peke yake. Kwanza, basi, jaribuni tena ofisi ya NIDA ya wilaya, mkaeleze tatizo la vidole. Msikubali kurudishwa mlangoni bila maelezo. Pili, ikiwa laini lazima ibaki kwa jina la mwingine, iandikwe katika daftari, ndugu wote wajue ni laini ya nani na fedha iliyomo ni ya nani, na isiachwe ikajaa akiba ya mwaka mzima. Aliye na kitambulisho akipiga *106# ataona namba zilizosajiliwa kwa jina lake. Mfanyieni hivyo mzee, mkikuta namba asiyoijua mkaifute kwa mtoa huduma.

Namba ya siri isiwe mali ya ukoo. Tumeona nyumba ambamo inajulikana na wajukuu sita na wakala wa pale kona. Achaguliwe mtu mmoja wa kumsaidia mzee, naye mzee awepo fedha inapotolewa, asomewe ujumbe wa salio kabla na baada. Wakala hana haki ya kuijua namba hiyo, hata akiwa mpwa.

Matapeli wanawapenda wazee kwa sababu wazee ni waungwana. Hupokea simu, huitikia salamu, husikiliza hadi mwisho. Mnaujua ule ujumbe unaosema ile fedha itume kwenye namba hii. Humfikia mzee siku ambayo kweli alikuwa anatarajia kumtumia mtu, naye anatuma. Upo mwingine: sauti ya haraka inasema mwanao amepata ajali, yuko mapokezi, tuma fedha sasa apate damu. Wekeni neno la siri la familia, neno la nyumbani lisilojulikana nje, jina la ng'ombe wa zamani au la shamba, na mzee afundishwe kuliuliza. Asipolipata, akate simu, ampigie mtoto kwa namba aliyoizoea. Mtoa huduma wa kweli huwapigia wateja kwa namba 100, na hatamwomba mtu namba ya siri. Ujumbe wa kitapeli pamoja na namba iliyoutuma vipelekwe kwenda 15040. Ikiwa fedha imekwisha kwenda, pigeni simu kwa mtoa huduma dakika ile ile, kisha mwende polisi. Aibu ya mzee isiwacheleweshe. Na mtoto aliyeko mbali asimkaripie. Mzee aliyekaripiwa mara moja hatasema mara ya pili.

Wastaafu wenye pensheni wana hatari yao ya pekee. Kuna wakopeshaji, wale ambao watu wamewabatiza kausha damu, wanaochukua kadi ya benki ya mstaafu na namba yake ya siri kuwa rehani, kila mwezi wakatoa wao kwanza na kumwachia makombo. Mara nyingi mkopo wenyewe haukuwa wa mzee. Alikopa kwa ajili ya biashara ya kijana wake. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni. Ulizeni leseni, ulizeni jumla ya fedha itakayorudishwa, mpewe nakala ya mkataba kwa lugha mnayoielewa. Kadi ya benki isikae mfukoni mwa mtu mwingine hata siku moja. Na kijana anayetaka mtaji akakope kwa jina lake.

Karibu na mkopo yuko ndugu yake, nayo ni karatasi ya shamba. Magole iko njia panda: barabara kuu ya Morogoro na Dodoma inapita hapa, na ya Turiani inaanzia hapa. Ardhi ya kando ya barabara ina wanunuzi, na wanunuzi hawapendi kungoja. Mzee akiwa mgonjwa ndipo wanapokuja, mara nyingi wakiongozwa na mtu wa nyumbani. Ardhi ya kijiji ina sheria yake ya mwaka 1999, na Baraza la Kijiji lina sauti katika kuhamisha haki ya kimila. Nyumba ya ndoa nayo haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Karatasi yoyote inayohitaji dole gumba la mzee isomwe kwa sauti mbele yake na mbele ya watu wawili wasio na maslahi, mchana, siku ambayo hana homa. Ipewe siku saba. Biashara ya halali haifi kwa siku saba.

Yote hayo tumeyasema tukidhani mzee anafahamu. Lakini wapo wanaosahau, nasi hatuna budi kuligusa hilo. Mama anauliza swali moja mara kumi, analipa deni la dukani mara mbili, anapotea kwenye njia ya kisimani aliyoipita tangu usichana wake. Huo ni ugonjwa. Haukuletwa na jirani, wala yeye mwenyewe hakumroga mtu. Tunasema hivi kwa uzito, kwa kuwa katika baadhi ya mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyokaa na moshi wa kuni maisha yote. Mpelekeni hospitali, kwa sababu upungufu wa damu, sukari iliyoshuka, maambukizi, hata dawa zenyewe, huweza kumchanganya mzee na vikatibika. Ikiwa ni ugonjwa wa kusahau hasa, hakuna chupa inayourudisha ufahamu, na anayeiuza ni mwongo.

Kwa upande wa manunuzi, mzee wa namna hiyo aendelee kushika fedha kidogo mkononi. Kumnyang'anya zote humtia uchungu na humfanya afiche vitu. Nendeni kwa mwenye duka anakozoea, mkubaliane kiasi cha juu cha kumkopesha kwa juma, na kwamba akija mara ya tatu kununua sukari siku hiyo hiyo apewe kiti na maji ya kunywa, nanyi mpigiwe simu. Wenye maduka wa vijijini ni watu wema wakiombwa mapema. Mkibadilisha mambo makubwa, kama kusimamia akaunti au shamba lake, ndugu wakutane, iandikwe, na afisa ustawi wa jamii ashirikishwe.

Vifaa vya nyumbani si lazima viwe vya dukani. Kiti cha msalani kwa mzee asiyeweza kuchuchumaa hutengenezwa na fundi seremala: kiti imara cha mbao chenye tundu, kinachokaa juu ya shimo au juu ya ndoo. Kamba nene au mti wa kushikia kutoka kitandani hadi chooni huzuia mianguko mingi. Uji wa lishe mnaweza kuusaga wenyewe, ila nafaka na karanga zichaguliwe, zenye ukungu zitupwe, kuku nao wasipewe. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi yale yalionekana ni chakula cha kawaida. Mkinunua unga uliofungwa, tafuteni alama ya TBS na tarehe.

Twende kwa mtunzaji mwenyewe. Karibu kila nyumba tuliyoingia, mtunzaji ni mwanamke mmoja: binti aliyerudi, au mkwe. Ndugu wengine hutuma fedha na hujihesabu wamemaliza. Fedha ni msaada, lakini haimwinui mtu kitandani usiku. Gawaneni siku pia. Anayeishi mbali aje walau mara chache kwa mwaka, akae wiki nzima, mwenye kutunza alale usingizi. Katika kikao cha familia hesabuni na kazi yake, maana mtu huyo hakulima msimu huu. Na tunawasihi juu ya jambo moja: mjukuu wa kike asitolewe shule ili akae na bibi. Mkimwajiri msaidizi, awe mtu mzima, kwa mshahara uliotajwa, siku ya mapumziko iliyotajwa, na makubaliano yaliyoandikwa nakala mbili.

La mwisho linahusu hapa hasa. Hatuna haja ya kuwasimulia Januari 2014, Mto Mkundi ulipofurika, maji yakaingia Magole, Mateteni na Dumila, na barabara kuu ikakatika penye daraja la Dumila. Ninyi mlikuwepo. Tunakumbusha tu kwamba katika siku kama ile dawa za mzee, kitambulisho chake na kadi ya kliniki ni vitu vyepesi, navyo hupotea kwanza. Ndoo ndogo yenye mfuniko unaokaza inatosha. Wekeni humo nakala za vitambulisho na kadi, karatasi ya mwisho ya mganga, dawa za siku saba zinazobadilishwa kila mnaponunua mpya, miwani, tochi, na lile daftari lirudishwe humo kila jioni. Ndoo itundikwe juu. Na kabla ya masika, familia ikubaliane na vijana wawili wa jirani wenye nguvu: hao ndio watakaombeba mzee, na wajue analala chumba gani.

Wenzetu wameweka meza chini ya mwembe ule. Waliokuja na bahasha za dawa, vyeti vya mganga, mikataba au jumbe za simu wanazozitilia shaka, wajongee, tuzisome pamoja moja baada ya nyingine. Wazee watangulie.